Njiwa wa Mashuka

Kila mwaka ifikapo tarehe 21 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Amani, vijana wa Roots & Shoots katika nchi nyingi huinua njiwa wakubwa juu ya fito. Mabawa hushonwa kwa mashuka makuukuu. Mmoja hubeba kichwa, wengine mabawa, wakakimbia nao uwanjani. Chama hicho alikianzisha Dkt. Jane Goodall na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam mwaka 1991. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ukamteua kuwa Mjumbe wa Amani. Alifariki Oktoba 2025. Kwetu Kalinzi habari zake si za mbali, kwani Gombe, alikoanza kazi mwaka 1960, iko chini ya milima yetu, upande wa ziwani.

Njiwa hao nimewaona katika shule moja ya huku kwetu. Naomba niwasahihishe kama nilivyokuwa nikisahihisha insha: sifa kwanza, kalamu nyekundu baadaye.

Sifa zao ni kubwa. Njiwa hana gharama. Shuka ambalo lingekuwa tambara la kupigia deki hupata kazi ya heshima. Tena habebwi na mtu mmoja. Bawa likitangulia na kichwa kikachelewa, ndege huanguka. Somo hilo halipatikani katika hotuba ya mgeni rasmi.

Kasoro yake ni moja: njiwa hasemi anamkimbia nani. Baada ya mbio huimbwa nyimbo za kusifu amani na kulaani vita. Vita gani? Silaha gani? Mtoto wa darasa la sita hurudi nyumbani akidhani kwamba bomu la atomiki, kama amewahi kulisikia, ni ugomvi wa Wamarekani na Wajapani.

Sivyo, ndugu msomaji. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji. Katanga ya wakati ule ilifika hadi Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu hili. Waafrika ndio waliochimba mawe yale, wakayashika kwa mikono yao.

Hapa sina budi kujisahihisha mwenyewe. Miaka mingi nilifundisha jiografia. Niliandika ubaoni: Katanga – shaba, kobalti, urani. Watoto walinakili, wakakariri, wakapata vema. Siku moja mvulana ambaye wazazi wake walivuka ziwa kukimbia vita alinyoosha mkono: "Mwalimu, urani ni ya kazi gani?" Nikamjibu kwamba hilo halitoki kwenye mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi. Jibu nilikuwa nalo.

Wapo waliopinga bomu kwa kulitaja na kulifuata lilipo. Desemba 1959 kundi la Waafrika, Waingereza na Wamarekani lilitoka Accra kwa magari kuelekea Sahara, kuzuia jaribio la Ufaransa. Walizuiwa njiani, na bomu likalipuliwa Reggane tarehe 13 Februari 1960. Walishindwa, lakini kila mmoja wao alijua anakwenda wapi na kwa sababu gani. Mmoja wao, Mmarekani Bill Sutherland, baadaye aliishi Dar es Salaam miaka mingi.

Sisemi njiwa aachwe. Nasema kabla hajainuliwa, mwalimu atundike ramani ukutani. Aonyeshe Shinkolobwe, kisha Hiroshima, kisha Mto Mkuju kule Namtumbo, ambako nasi tuna urani yetu. Aeleze Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, unaotaka Afrika isiwe na silaha za nyuklia. Kazi hiyo ni ya kipindi kimoja tu. Baada ya hapo watoto watoke nje na njiwa wao, wakimbie.

Na akitokea mtoto mwenye swali, asiketishwe. Yule wangu alihama na wazazi wake kabla sijamrudia na jibu.