Kulewa na Kuleweshwa: Ridhaa, Lawama na Washitakiwa Waliokosekana katika Rosa Mistika

Ikisiri

Makala haya yanaisoma upya riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), kwa kuzingatia mjadala wa ridhaa, ulevi na wajibu wa mtu binafsi katika vyuo vya Tanzania. Yanadai kwamba usomaji unaomlaumu Rosa na ule unaomlaumu baba yake una kasoro moja: wote wawili unamwacha nje mtu aliyetenda. Hoja inajengwa kwa kuchunguza vitenzi vya Kiswahili vya kulewa na kuridhia, kwa kuvilinganisha na kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, na kwa kurejelea maandishi ya ukutani ya Mzee Punch katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Swali la Kabwe

Likizo iliyopita nilisahihishia insha Kabwe, forodha ya Ziwa Tanganyika iliyo chini ya kingo za uwanda wa Ufipa, wilayani Nkasi. Swali nililowapa wanafunzi lilikuwa la kawaida, nami sasa naona lilikuwa baya: nani wa kulaumiwa kwa maangamizi ya Rosa? Wengi walijibu kwamba ni Zakaria, kwa malezi ya kiboko na ulevi wake. Wengine walijibu kwamba ni Rosa mwenyewe. Mmoja wao alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba Rosa wa leo ni yule msichana wa mwaka wa kwanza anayekwenda kwenye sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, akanywa, akalala katika chumba cha mtu; yatakayomkuta huko amejitakia.

Nilimsomea aya hiyo mama mmoja anayepika na kuuza komoni jirani na mahali maboti ya dagaa yanapoegeshwa. Hajasoma riwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, huyo mtoto alilewa au alileweshwa?”

Nilirudi kwenye rundo la insha nikiwa na swali hilo, na nikaona kwamba hakuna hata insha moja iliyolijibu, wala swali langu mwenyewe halikuwa limeacha nafasi ya kuliuliza.

Vitenzi

Kitenzi “lewa” kina umbo la kutuhadaa. Silabi yake ya mwisho hukifanya kifanane na vitenzi vya kauli ya kutendwa, lakini hakimo katika kauli hiyo. Tunasema mtu amelewa pombe, au amelewa madaraka. Hatusemi amelewa na fulani. Nafasi ya mtenda haipo. Anayelewa yuko peke yake na kileo chake, na kwa hiyo sarufi yenyewe huelekea kumbebesha mzigo wote.

Kauli ya kusababisha inafungua mlango huo, na jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili kina maumbo mawili. “Levya” kwa kawaida huchukua kitu kuwa kiima: pombe hulevya, na dawa huitwa za kulevya. “Lewesha” huchukua mtu: fulani alimlewesha mwenzake. Tofauti hii si sheria ya chuma, na mzungumzaji anaweza kuivuka, lakini mwelekeo wake uko wazi. Palipo na “levya” tunauliza juu ya kinywaji. Palipo na “lewesha” tunauliza juu ya mkono uliokimimina, na nia ya mwenye mkono. Mama wa Kabwe, ambaye kazi yake ya kila siku ni kumimina, hakuhitaji kufundishwa hilo.

Mwanafunzi wangu aliandika sentensi tatu zenye msichana kuwa kiima: alikwenda, akanywa, akalala. Katika sentensi ya nne, pale ambapo mwanamume alipaswa kuingia, kiima kikawa “yatakayomkuta”. Mambo humkuta mtu kama mvua inavyomkuta njiani. Kwa muda wote ambao msichana anatenda, sarufi inamtaja. Mara anapotendwa, mtenda anayeyuka. Magazeti yetu nayo hayako mbali sana na hapo. Sentensi ya aina ya “mwanafunzi abakwa baada ya kulewa” ina mtu mmoja tu ndani yake.

Kuhusu ridhaa, tatizo ni la njeo. “Alikubali” ni tukio moja lililokwisha. Alikubali kuja, alikubali soda ambayo baadaye haikuwa soda, alikubali kusindikizwa. Na kila “alikubali” inahesabiwa kuwa imelipia inayofuata. Lakini kuridhia, kwa maana yake ya kina, ni hali inayopaswa kuwapo: anaridhia, au akiwa anaridhia. Wala haitoshi kutaja kimya. Jamii zetu zimezoea kukihesabu kimya cha mwali kuwa jibu la ndiyo anapoulizwa kuhusu posa, na desturi hiyo ina mantiki yake pale wazee wanapokuwa wameketi na msichana ana akili zake timamu. Kuihamisha desturi hiyo mpaka kwenye kimya cha mtu aliyelala fofofo ni kuipotosha, na nashangaa kwamba watu wenye elimu hufanya hivyo bila haya.

Sheria kama matini

Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana Na. 4 ya 1998, kinastahili kusomwa na wahakiki wa fasihi, si wanasheria peke yao. Aya yake ya kwanza kuhusu kubaka inaifunga ridhaa ya mwanamke na wakati wa tendo lenyewe. Aya nyingine inasema kuwa ni kubaka hata kama ridhaa ilitolewa, iwapo ilipatikana mwanamke akiwa katika ulevi uliotokana na dawa au kitu alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine, isipokuwa ithibitike kwamba palikuwa na makubaliano ya awali baina ya wawili hao. Mahali pengine kifungu kinaeleza kuwa alama za kupambana, kama vile majeraha mwilini, si za lazima ili kuthibitisha kwamba ridhaa haikuwapo.

Katika matini haya mna mvutano. Aya ya ulevi inazungumza juu ya aliyeleweshwa tu. Aliyelewa kwa mkono wake mwenyewe haimtaji; kinga yake iko katika ile aya ya kwanza, na inategemea maneno “wakati wa tendo” yachukuliwe kwa uzito wake. Kisha aya ileile ya ulevi inarudisha wakati nyuma kwa kuyakubali makubaliano ya awali. Kwa hiyo sheria inasema “anaridhia” kwa mdomo mmoja na “aliridhia” kwa mwingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mvutano huo si wa Kiingereza tena. Mfasiri atakayechagua kati ya “alilewa”, “alilevywa” na “aliyeleweshwa” atakuwa ameamua jambo zito.

Upande wa mtuhumiwa, kifungu cha 14 cha Kanuni hiyohiyo hakikubali ulevi uwe utetezi ila katika hali chache, mojawapo ikiwa pale mtu alipoleweshwa na mwingine bila ridhaa yake. Linganisha hilo na mazungumzo ya vibarazani. Huko, mwanamume akilewa, pombe ndiyo iliyotenda: “hakuwa yeye, ni pombe.” Mwanamke akilewa, ni yeye mwenyewe, tena zaidi ya alivyokuwa kabla ya kunywa. Kinywaji kilekile kinampunguzia huyu dhima na kumwongezea yule.

Mahubiri nayo yanafuata mkondo huo. Katika Mwanzo sura ya 19, Lutu analeweshwa divai na binti zake usiku mbili mfululizo, wakalala naye asijue. Nimekulia katika parokia za Ufipa na nimesikia mahubiri mengi. Sijapata kumsikia padri wala katekista akiuliza kwa nini mzee yule alikunywa.

Mahakama ya mbinguni

Rosa Mistika inafaa kusomwa hapa kwa sababu inamalizika mahakamani. Baada ya Rosa kujiua, yeye na Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, na swali la lawama linaulizwa waziwazi. Ni tendo la kijasiri la mwandishi aliyekuwa bado kijana, na halishangazi kwamba kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda. Waliokizuia walisema kuwa kinaharibu vijana. Nadhani kiliwasumbua zaidi wazazi.

Lakini tazama ni nani walioitwa. Ameitwa binti na ameitwa baba. Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo na mshahara wa serikali aliyemhadaa Rosa, hayumo. Wanaume wa chuoni Morogoro hawamo. Charles, aliyempima mchumba wake kwa ubikira na kumwacha alipoukosa, hayumo. Mahakama ya Mwenyezi, ambayo haihitaji hati ya wito wala nauli ya shahidi, imewaita watu wa nyumba moja ya Namagondo na kuwaacha wengine wote wakaendelea na shughuli zao.

Kuna njia mbili za kulieleza pengo hilo. Ya kwanza ni kusema kwamba Kezilahabi anaikejeli mahakama: hata mbinguni, kesi ya msichana inageuzwa kuwa ugomvi wa kifamilia. Ningependa kuikubali, lakini siioni kejeli hiyo ikitayarishwa mahali popote katika riwaya. Ya pili, ambayo naiona kuwa na nguvu zaidi, ni kwamba riwaya yenyewe imeshikwa na swali la malezi kiasi cha kuwaona wanaume wale kama mazingira tu, kama mto wenye mamba ambao binti hakufundishwa kuuvuka. Mamba hashitakiwi. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi ambaye namheshimu kuliko karibu wote wa kizazi chake.

Uhakiki wa kijamii ulijaribu kumtoa Rosa kizimbani. F. E. M. K. Senkoro, katika The Prostitute in African Literature (1982), alilihamisha swali kutoka kwenye tabia ya mwanamke hadi kwenye mfumo unaomzalisha. Hatua hiyo ilihitajika sana. Hata hivyo, ilikuwa na gharama yake: lawama inapobebwa na mfumo mzima, Deogratias anapata maficho mapya. Anakuwa dalili ya ugonjwa badala ya mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake.

Ukuta

Kwamba jambo hili si la riwaya peke yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutuonyesha. Mzee Punch alikuwa utanzu kamili wa fasihi ya chuoni: maandishi na vikaragosi vya ukutani visivyo na jina la mwandishi, vyenye ucheshi, vitisho na hukumu. “Aliyepanchiwa” alitengwa. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa kijinsia na wanafunzi wa kiume na kutishwa kwa silaha hiyo ya ukuta. Jina lake limo katika kumbukumbu nyingi, sitaliongeza hapa. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililipigia kelele suala hilo, na Punch akapigwa marufuku. Kwa mhakiki, la kuzingatia ni umbo la matini yale. Mtendwa alikuwa na jina, sura na chumba kinachojulikana. Mtenda alikuwa “Mzee”, yaani hakuna mtu. Ni sarufi ya “yatakayomkuta” iliyochorwa kwa rangi.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alinionya kwamba nikiendelea hivi nitawafundisha wasichana kutojali. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mama anayemwambia bintiye asiiache glasi yake mezani ana hekima, na kumwita mtu huyo adui wa wanawake ni upuuzi. Lakini onyo hutolewa kabla ya tukio, kwa mtu tunayempenda; lawama huja baadaye, na mara nyingi hutolewa mbele ya wageni. Mvuvi wa Kabwe huambiwa na kila mtu asiziache nyavu zake ufukweni usiku. Akiziacha, zikaibiwa, atachekwa, lakini hakuna mwenyekiti wa kitongoji atakayemwachia mwizi kwa kuwa nyavu zilikuwa wazi. (Mfano huu hautoshi, kwa kuwa mwili si wavu na haurudishwi wala haununuliwi mwingine. Nautumia kwa sababu hata katika mali tunafanya vizuri zaidi.)

Mzizi mmoja wa mkanganyiko huu nadhani uko katika pombe kama deni. Kwa desturi iliyoenea Ufipa na kwingineko, mwenye shamba aliandaa pombe ya ulezi, majirani wakaja kulima, na aliyekunywa bila kushika jembe alionekana mdhulumu. Ilikuwa biashara ya haki, kwa sababu kila mmoja alijua bei kabla ya kuonja. Bia anayonunuliwa mwanafunzi katika baa ya jirani na chuo imerithi deni bila kurithi tangazo. Mnunuzi anaijua bei. Mnywaji ataambiwa baadaye. Nilipomweleza mama wa Kabwe wazo hili alicheka, akasema kwamba kwake mteja hulipa shilingi, na akishalipa wamemalizana.

Swali la mtihani wa muhula ujao nimeliandika upya. Halisemi tena “nani wa kulaumiwa”. Linawataka wanafunzi waandike orodha ya watu ambao mahakama ya mwisho wa Rosa Mistika haikuwaita, wachague mmoja, na wamhoji kwa kurasa mbili.