Mizani Bila Maneno: Kwa Nini Mistari Inayocheza Inatufurahisha?

Wahakiki wetu tumezoea kuuliza swali moja mbele ya kila kazi: ujumbe wake ni nini? Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, falsafa ya mwandishi, basi. Fani hubakiziwa aya moja mwishoni. Katika makala haya nakusudia kuonesha upungufu wa mazoea hayo kwa kutumia kazi isiyo na ujumbe hata chembe.

Kazi yenyewe ni filamu ya katuni Begone Dull Care (1949), iliyotengenezwa Kanada na Norman McLaren na Evelyn Lambart. Hamna mhusika, hamna kisa. Wasanii hawa walipaka rangi na kukwaruza moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu, wakifuata muziki wa jazi wa mpiga piano Oscar Peterson na wenzake. Kwa dakika kama nane ni mistari, madoa na rangi tu. Nilipoiona mara ya kwanza nilijikuta natikisa mguu. Ati mguu unatikisika kwa ajili ya mkwaruzo!

Kwa nini? Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika hutoa pigo moja kila fremu 12. Mchoraji akihesabu vizuri, doa linatua pale pale sikio linapolingoja. Msomaji wa ushairi anaijua raha hii: mizani nane, kituo, mizani nane, na kina kinatua mahali pake.

Hata hivyo, usahihi peke yake hautoshi. Saa ya ukutani nayo hupiga sawasawa. Nani aliwahi kukaa kuitazama akafurahi? Katikati ya filamu hii muziki unapoa, rangi zinaondoka, inabaki mistari myembamba ya wima juu ya weusi. Jicho lililozoea vurugu linalazimika kusubiri. Kisha sehemu ya mwisho inakuja mbio, nasi tunaifurahia kwa kuwa tulinyimwa.

Hapa pana somo kwa mgogoro wa ushairi wetu uliopamba moto miaka ya 1970. Wanamapokeo walitetea hesabu ya mizani. Wanamabadiliko wakaiona minyororo. Kwa maoni yangu, pigo ni ahadi. Msanii anaweza kuitimiza, kuichelewesha au kuivunja kwa makusudi, na hata shairi huru lina ahadi zake.

Wapo watakaosema kwamba sanaa bila ujumbe ni anasa ya walioshiba. Mbona basi kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja hupokezana michi kwa mapigo? Kazi ni nzito, na mapigo ndiyo yanayoibebesha. Raha hiyo haikuanzia kwa walioshiba.

Kwa hiyo, ndugu mhakiki, kabla hujaorodhesha dhamira, uliza kwanza: kazi hii imeniahidi nini, na imenilipa vipi?