Ugeni wa Nyumbani katika Riwaya za Tan Twan Eng

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu maudhui ya utambulisho, mara nyingi huandika kuwa mhusika "amepoteza utamaduni wake", kisha akanyamaza. Jibu hilo halitoshi. Riwaya tatu za Tan Twan Eng, aliyezaliwa Penang, Malaysia, mwaka wa 1972, zinaonyesha kuwa mtu anaweza kuwa mgeni pasipo kutoka kwao.

Katika The Gift of Rain (2007), Philip Hutton ana baba Mwingereza na mama Mchina. Anafunzwa aikido na Endo, mwanadiplomasia wa Kijapani. Wajapani wanapoivamia Malaya mwaka wa 1941, Philip anawafanyia kazi ili kuwanusuru jamaa zake. Je, ni msaliti au mwokozi? Mwandishi anamwachia msomaji uamuzi.

The Garden of Evening Mists (2012), iliyofika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, inalikuza swali hilo. Yun Ling alinusurika katika kambi ya Wajapani, lakini dadake alifia humo. Ili kumkumbuka marehemu, anajifunza kutengeneza bustani kwa Mjapani, Aritomo. Kinaya hiki ndicho kiini cha riwaya. Isitoshe, uzeeni anaugua maradhi yanayomnyang'anya lugha, na inambidi aandike kabla maneno hayajamtoka.

Hadithi hiyo imejengwa juu ya Hali ya Hatari ya Malaya (1948–1960). Msomaji wa Kenya ataitambua: mkoloni yuleyule alitangaza Hali ya Hatari hapa mwaka wa 1952, na kote kuwili raia walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa ua. Huku kwetu pia, swali la nani alisaliti halijaisha.

Katika The House of Doors (2023), Lesley Hamlyn anaikumbuka Penang akiwa Afrika Kusini. Zingatia kuwa riwaya zote tatu zinatumia mbinu rejeshi: mzee anasimulia ujana wake. Mbinu hii si pambo. Mhusika anajitafuta katika kumbukumbu.

Hata hivyo, Tan ana udhaifu. Wahusika wake wakuu ni wa tabaka la juu. Wafanyakazi wa mashamba hubaki pembezoni.

Zoezi: "Msaliti wa mmoja ni mwokozi wa mwingine." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya yoyote ya Kiswahili uliyoisoma.