Pembe Iliyoota na Pembe Iliyobandikwa

Henry Morton Stanley alipofika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yake. Kati ya vitu alivyovitaja ni mabata 16 hivi wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Wengi wangekimbilia kwa ng'ombe. Mimi huvutwa na mabata. Fundi aliyewaunda alikuwa na madini mawili ya rangi mbili, na hakuhangaika kuficha mahali yanapokutana. Bawa likabaki bawa, mwili ukabaki mwili, na bado ni bata mmoja.

Nawakumbuka mabata hao kila ninapofunguliwa kwenye kompyuta sanamu ya ente, yule ng'ombe wa pembe ndefu wa Wanyambo wa Karagwe. Anayechonga kwa programu kama Blender au ZBrush kwa kawaida haanzi na pande moja la udongo. Huanza na tufe la kiwiliwili, tufe la kichwa, mirija miwili ya pembe, vipande vya masikio na nundu ndogo, kila kimoja peke yake. Kisha huviunganisha, na hapo ndipo mimi huanza kukagua.

Swali la kwanza: vimeungana, au vimefungwa pamoja tu? Blender ina amri ya kuunganisha ambayo huwadanganya wanaoanza. Wakiibonyeza, vipande vinahesabiwa kuwa kitu kimoja, nao wanaridhika. Lakini mzigo wa kuni uliofungwa kamba haujawa mti. Ndani ya fuvu, kitako cha pembe bado kimechomoza kizima kama msumari ukutani. Ingia kwenye hali ya kuhariri, weka mshale juu ya pembe, bonyeza herufi L. Ikiwaka pembe peke yake, umeletewa kuni. Njia nyingine ni kupitisha brashi ya kulainisha kwenye shina la pembe. Pembe iliyoungana italainika pamoja na paji la uso, na ile iliyobandikwa itajitenga na kuacha ufa.

Muungano wa kweli huja kwa kusuka upya wavu unaounda ngozi ya sanamu. Programu huigawa nafasi kuwa vijichemraba, vokseli, kisha huvisha ngozi mpya juu ya umbo la nje na kutupa kuta zilizofichika ndani. ZBrush huiita kazi hiyo DynaMesh; Blender iliipata katika toleo la 2.81, mwaka 2019. Ni amri ya ajabu, na kwa sababu ni rahisi mno, inaharibu kazi nyingi.

Uharibifu wake uutafute kwenye ncha. Pembe ya ente ni nene kama paja la mtoto kwenye shina, halafu inapanda, inajipinda na kuisha kwa ncha nyembamba. Kijichemraba kikiwa kikubwa kuliko ncha, ncha inaliwa, na ng'ombe anabaki na vigutu. Baada ya ncha, kagua sikio. Kama fundi alilichonga kama karatasi isiyo na unene, utalikuta limetoboka au halipo kabisa. Kisha linganisha ngozi ya mgongoni na ya ubavuni. Ikionekana imevutwa upande mmoja, fundi alimnyoosha ng'ombe wake kabla ya kusuka, akasahau kuiambia programu kwamba vipimo hivyo vipya ndivyo vipimo halisi. Vijichemraba vikanyooshwa pamoja naye.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kutumia amri ya buliani, iliyopewa jina la mwanahisabati George Boole. Hiyo hukata kwa wembe: kila kipande kinabaki na wavu wake, ila mstari wa makutano unakuwa mkali na umezungukwa na pembetatu zilizosongamana. Kwa pete ya chuma na kengele yake, vizuri sana. Kwa nyama, sitaki kuiona. Lete mwanga kutoka upande, uulaze chini kama jua la saa kumi na mbili jioni. Makovu yote yatajitokeza.

Sasa shina la pembe, mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Anayeogopa kovu hulainisha, akalainisha tena, mpaka pembe inaonekana kama mshumaa ulioyeyukia kichwani. Hakuna ng'ombe wa namna hiyo Karagwe wala wilaya jirani ya Kyerwa. Nenda mnadani ukamtazame: ngozi ya kichwa inapanda kidogo, manyoya yanakoma, kisha pembe inaanza kwa ukingo unaoshikika kwa kidole. Mpito upo, na mpaka upo pia. Fundi mzuri huunganisha kwanza, halafu hurudi kuuchonga mpaka huo upya kwa mkono, kwa sababu usukaji umeufuta. Akiacha kazi pale programu ilipoishia, ninajua kwamba hajamtazama ng'ombe kwa karibu.

Kengele ya shingoni je? Isiunganishwe, wala kamba yake. Nimeona kengele iliyoyeyukia kwenye ngozi ya shingo mithili ya uvimbe, kwa kuwa fundi alichagua kila kitu na kubonyeza mara moja. Fundi wa redio hulehemu waya kwa waya, hamwagi lehemu juu ya redio nzima. Kama sanamu itachapwa kwa plastiki, kengele ichapwe kando, ivikwe baadaye. Na kama ni lazima ichapwe pamoja na ng'ombe, basi iingie mwilini waziwazi. Kipande kinachogusa kwa unywele tu, au kinachoelea hewani bila kushikwa na chochote, kitaanguka mashine ikiwa katikati ya kazi.

Kuna jambo moja ambalo sanamu yenyewe haiwezi kukuonyesha. Mwombe fundi faili la kabla ya kuunganisha. Katika Blender, usukaji hauna njia ya kurudi ukishafunga programu, kwa hiyo mwangalifu huweka nakala yenye vipande vyote, kila kimoja na jina lake: pembe ya kulia, pembe ya kushoto, sikio, nundu. Mwambie pembe ya kushoto imelala mno. Asiye na nakala ataanza kuikwangua kwa brashi huku akijitetea. Mwenye nakala atafungua faili la zamani, atainua pembe, atasuka upya na kuuchonga tena ule ukingo, na chai yako itakuwa bado ya moto.