Kuisoma 3,197,104

Sensa ya 23 Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Morogoro na watu 3,197,104. Hotubani na magazetini namba hiyo hukadiriwa kuwa "milioni 3.2", nasi huipokea hivyo hivyo. Shairi halikadiriwi. Nami nasema namba hii nayo ina umbo linalostahili kusomwa lote.

Itamke kwanza: milioni tatu, laki moja, tisini na saba elfu, mia moja na nne. Tatu, moja na nne ni Kibantu. Tisini, saba, elfu na mia vina asili ya Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi, milioni Ulaya. Ona pia mpangilio. Ukigeuza ukasema "elfu tisini na saba", msikilizaji ana haki ya kuandika 90,007, na watu 6,993 wamepotea kwa sababu ya neno moja kuhama. Sifuri haitamkwi kabisa. "Na" ndiyo inayoishikia nafasi.

Umbo la ndani lina mvuto zaidi. Tarakimu nne za mwisho, 7104, ni 16 mara 444, na 10,000 nayo hugawanyika kwa 16. Basi namba nzima hugawanyika kwa 16. Igawe kwa mbili, mara nne mfululizo, itakubali bila ubishi. Kisha unafika 199,819, na hapo inagoma. Kipeuo chake cha pili hakifiki 448, kwa hiyo zipo namba tasa 86 za kuijaribu, kuanzia 2 hadi 443. Zote hushindwa. Zipo mbili ambazo hushindwa kwa uchungu: 97 na 103, kila moja hupungukiwa na moja tu, maana 199,820 ni 97 × 103 × 20.

Fikiria maana yake. Wangeongezeka watu 16 usiku ule, tuseme jamaa wa ukoo mmoja waliorejea Mgeta kutoka safari, hesabu ingekuwa 3,197,120. Vigawo vingeruka kutoka 10 hadi 56. Watu 16 kati ya milioni tatu wangebadili umbo lote.

Basi 199,819 ni namba tasa, na neno hilo linanisumbua. Tasa ni mwanamke asiyezaa. Katika milima ya Uluguru, ambako Waluguru hufuata ukoo wa mama, jina hilo si jepesi. Tena halisemi kweli. Namba ya aina hii haizaliwi na namba nyingine mbili ndogo kuliko yenyewe. Yenyewe ndiyo inayozaa. Hiyo 3,197,104 ni mtoto wa 199,819, na asili yake haielezeki bila kumtaja mama huyo. Ningeweza, ningeiita namba mama.

Sasa tazama kinachotokea tunapokadiria. Ndani ya 3,200,000 mna mbili na tano tupu, zikizidishana. Ina vigawo 66, inakatika karibu popote unapotaka. Mama wa ukoo hayumo tena. Na wameongezwa watu 2,896 ambao hakuna karani aliyewahesabu, si Kilosa, si Ulanga, si Matombo.

Mwandishi mwenzangu, ukitaja watu wa Morogoro wa sensa ile, andika 3,197,104.