Hongera Hombolo kwa Kumlea Mtendaji

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarejea 1984 chini ya sheria za 1982. Taasisi ikirejeshwa, majengo hupatikana haraka. Ustadi wa utumishi ukishakatika huchelewa kurudi. Ndiyo maana Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, kinastahili pongezi kwa kuwalea watendaji. Mtendaji wa kijiji ni katibu wa halmashauri yake: huandika mahudhurio, ajenda, maazimio, kisha husubiri saini ya mwenyekiti. Kazi kavu hiyo, lakini ndiyo kumbukumbu ya kijiji. Wapo wanaodai kompyuta imeimaliza. Kompyuta hutunza azimio. Haithubutu kumwambia mwenyekiti kwamba akidi haijatimia. Wengine husema cheti hakizai uadilifu. Kweli, ila mwadilifu asiyejua kanuni huburuzwa kirahisi. Nawe mwanakijiji, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, hudhuria, udai kusomewa muhtasari uliopita.