Kutoka Shati la XXL Hadi Gauni la Mtoto: Mishono ya Kiwandani ya Kuachwa Ilipo

Shati la kiume la XXL likilazwa mezani hupimwa sentimita 66 hivi kutoka kwapa hadi kwapa, yaani mzunguko wa 132. Kifua cha mtoto wa kike wa miaka sita ni sentimita 60 au karibu na hapo. Kati ya vipimo hivyo viwili mna gauni zima lenye marinda, mikono na pindo, bila kununua hata nusu mita ya kitambaa. Gauni ninalolichambua hapa nililishona nyumbani kwa cherehani ya mkono, na nimelichagua kwa sababu limebeba uamuzi mmoja ambao washonaji wengi wa nyumbani huupita: kujua ni mishono ipi ya kiwandani ya kufumuliwa, na ipi ya kuachwa ilipo.

Mazoea yetu ni kuuona mtumba kama jora. Mtu ananunua shati, anakata mishono yote kwa mkasi, anapanga vipande juu ya kigezo, kisha analalamika kwamba kitambaa hakitoshi. Amepoteza zaidi ya kitambaa. Shati zuri la kiume lina kazi mbili ambazo cherehani ya nyumbani inaziweza kwa taabu. Ya kwanza ni ukanda wa vifungo, wenye matundu yaliyoshonwa kwa mashine ya kazi hiyo peke yake. Butterfly au Singer ya kizamani hushona mshono mnyoofu tu, kwa hiyo kila tundu la kifungo utalizungushia uzi kwa mkono. Ya pili ni pindo la chini, jembamba na sawasawa kwa mzunguko wote wa sentimita 132. Anayeukata ukanda huo na kuutupa pamoja na pindo anatupa sehemu ya shati iliyogharimu ujuzi mkubwa kuliko zote, kisha anakaa usiku kuirudia kwa mikono yake.

Ninasisitiza hili kwa sababu mjadala wa mitumba kwetu umekuwa wa mpakani zaidi kuliko wa mezani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru wake mwaka huohuo kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo za Rwanda. Majirani wengine walirudi nyuma. Hoja za viwanda vyetu ni za kweli na zinastahili majibu, lakini robota likishafunguliwa kwenye soko la Karume au la Gikomba swali linalobaki ni la ufundi: nguo hii, iliyokatwa kwa mwili mwingine, itatumikaje? Uingereza ilijiuliza hivyo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mgao wa nguo ulianza Juni 1941, na mwaka 1943 serikali ikachapisha kijitabu cha kuwafundisha raia kurekebisha na kugeuza nguo walizokuwa nazo. Huko Kampala, mbunifu Bobby Kolade wa chapa ya Buzigahill alianza mwaka 2022 kuichana mitumba, kuishona upya na kuiuza katika nchi zilikotoka nguo zenyewe. Huo ni uchumi wa ushonaji, na naona sisi tunaujadili kidogo mno.

Turudi kwenye shati. Uchaguzi unaanzia sokoni, na mwanga wa jua ndio mkaguzi mkuu. Linyanyue shati ulitazame jua kupitia kitambaa chake. Panapopitisha mwanga zaidi ya pengine pamelika, na mara nyingi ni viwikoni, kwenye mkunjo wa kola na chini ya kwapa. Kola iliyochakaa isikutishe, maana hatutaitumia. Kwapa lenye njano ya jasho nalo linaweza kuangukia nje ya mkato. Mgongo uliolika ndio wa kukataa, kwa kuwa huo ni nusu ya sketi. Saizi kubwa zina faida nyingine: wengi hawaenei humo, hivyo shati la XXL hukaa kwenye kamba muda mrefu na muuzaji huwa tayari kupunguza bei.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja wa kitambaa kwenye akiba ya mshono ndani na uuchome. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka na kubaki tone gumu. Kwa gauni la mtoto ninataka pamba, au pamba yenye poliesta kidogo. Na hapa mtumba unakishinda kitambaa kipya: umeshafuliwa mara nyingi, umesharudi kiasi chote ulichopaswa kurudi. Hata hivyo ufue tena kwa maji ya moto na kuupiga pasi kabla ya kupima chochote.

Kisha lisome shati kabla ya kushika wembe. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora, hushuka kutoka begani hadi pindoni katika vipande vya mbele na mgongo, na kutoka begani hadi kifundoni katika mikono. Kipande cha mabegani mara nyingi hukatwa kwa mlalo, mtande wake ukipita kutoka bega hadi bega ili kisivutike. Ukichanganya mielekeo hiyo, gauni litakaa vizuri siku ya kwanza na kupinda baada ya kufuliwa. Jambo la pili ni rangi. Jua na sabuni vimekula upande wa nje tu, kwa hiyo kilichojificha chini ya kola, ndani ya mabega na nyuma ya mfuko kina rangi nzito zaidi. Mfuko wa kifuani ni mtego hasa. Ukiufumua, unaacha mraba mweusi ambao hakuna sabuni itakayouondoa. Uamuzi wangu ulikuwa kuuacha. Ulikuwa mkubwa kidogo kwa kifua cha mtoto, lakini mtoto anapenda mfuko.

Kufumua kuna siri yake. Angalia mshono wa ubavuni kwa ndani. Mashati mengi ya kiume hushonwa hapo kwa mashine ya mshono wa mnyororo, uzi ukijifunga ndani ya uzi. Mshono wa aina hiyo ukiupata mwisho wake, yaani pale fundi wa kiwandani alipomalizia, unauvuta uzi mmoja na mshono mzima unaachia kwa mkupuo, kutoka pindoni hadi kifundoni au kinyume chake. Ukianzia upande usio wake utang'ang'ana nao mpaka uchoke. Mshono wa kawaida wa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, hauachii hivyo. Huo unakatwa kwa wembe kila baada ya mishono mitatu au minne upande mmoja, kisha uzi wa upande wa pili huvutwa ukatoka mzima. Mimi nilifumua mikono tu. Mbavu za mwili niliziacha zimeshonwa, kwa sababu sketi niliitaka iwe mzunguko mmoja.

Sasa mkato. Shati lilikuwa na sentimita 54 kutoka usawa wa kwapa hadi pindoni kwa katikati. Niliufunga ukanda wa vifungo, nikapiga mstari wa chaki sentimita 8 chini ya kwapa na kukata mzunguko mzima hapo. Mstari huo usiangukie kwenye kifungo; upitishe katikati ya vifungo viwili, hata ikibidi kuusogeza sentimita moja juu au chini. Sehemu ya chini ilikuwa tayari sketi, yenye urefu wa sentimita 46, vifungo vyake mahali pake na pindo lake limekamilika, na lile umbo la mviringo la pindo la shati likiipandisha kidogo mbavuni.

Kifua cha mbele kilitoka juu ya mstari uleule, vifungo vikiwa vimefungwa. Kifua cha 60 kinahitaji sentimita 8 za kupumulia, yaani 68, na nusu yake ni 34. Ongeza akiba ya mshono 1.5 kila upande, upana unakuwa 37. Shingo ya shati ni pana mno kwa mtoto, hivyo kigezo nilikishusha mpaka shingo ndogo ikapata kitambaa kizima pande zote. Kwa kuwa mbele na sketi zilitoka kwenye shati moja kwa mstari mmoja, ukanda wa vifungo uliporudishwa ulikutana wenyewe. Vifungo vya kiume hufunga kushoto juu ya kulia, na kwa mtoto sioni sababu ya kuhangaika na hilo.

Mgongo wa gauni ulitoka kwenye mkono mmoja. Mkono wa XXL ukifunguliwa una sentimita 50 hivi kwenye sehemu pana, kisha unapungua kuelekea kifundoni. Kigezo cha mgongo nacho ni kipana chini na chembamba mabegani. Kilichonipa nafasi ni kukigeuza: sehemu ya chini ya kigezo ikakaa kwenye upana, mabega yakaelekea kifundoni. Mtande unabaki sawa. Kitambaa cha maua yenye juu na chini hakikubali mchezo huu, lakini cha rangi moja au mistari kinakubali. Mkono wa pili ulitoa mikono miwili mifupi, na pembe iliyobaki ikatoa vipande viwili vya mshazari, upana wa sentimita 3, vilivyoungwa kumalizia shingo.

Marinda ndiyo yanayoamua kama gauni litaonekana limeshonwa au limeungwaungwa. Mzunguko wa 132 kuingia kwenye 68 ni karibu mara mbili, kipimo kizuri kwa pamba nyepesi. Nilipiga mistari miwili ya mishono mirefu, nikaacha sentimita 4 kila upande wa ukanda wa vifungo bila kuguswa. Ukanda una tabaka kadhaa. Ukiukunja marinda hapo, sindano ya namba 14 itavunjika na tumbo la gauni litatuna. Gawa sketi na kiuno robo nne, linganisha alama, vuta nyuzi za chini, piga bandi kwa mkono, ndipo uende kwenye cherehani. Kuruka bandi kwa kutaka haraka ndiko kunakosogeza marinda yote upande mmoja.

Kwa mshono wa ndani bila ovaloki, mbavu za kifua zilishonwa mara mbili: kwanza pande za ndani zikitazamana, kwa milimita 8, kingo zikapunguzwa, kipande kikageuzwa na kushonwa tena kwa milimita 7. Nyuzi zinazochomoza hufungiwa humo na ngozi ya mtoto haisuguliwi.

Kiunoni nilifanya tofauti. Badala ya akiba ya 1.5 kwenye sketi niliacha sentimita 5 ndani, nikazilaza chini, na sketi ikabaki na urefu wa 41. Mtoto akirefuka, mshono huo unafumuliwa na kusogezwa juu, naye anapata sentimita 3.5 zaidi. Tatizo ni kwamba sehemu iliyokuwa imefichwa itatoka na rangi nzito kuliko sketi iliyopigwa jua mwaka mzima. Dawa yake ipo kwenye kipande cha mabegani, ambacho kwa kawaida huwa na tabaka mbili: ile ya ndani haikuwahi kuona jua. Ikatwe vipande vya upana wa sentimita 5, iungwe hadi ifikie mzunguko wa kiuno, ishonwe kuwa mshipi juu ya sehemu hiyo yenye rangi nzito. Kipande hicho nimekikunja na kukiweka pamoja na vifungo vya akiba.